Mrejesho: Runinga au monita kwa kazi za kompyuta

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama runinga ya inchi 32 ingefaa kwa kazi za uhasibu. Nilianza na ushauri wa kuliita tundu la HDMI (linalopokea waya wa picha kutoka kwenye kompyuta) "PC" kwenye mipangilio ya runinga na kuzima ukuzaji wa picha, unaokata kingo zake. Kingo hizo zilionekana zote, hata saa ya pembeni chini, lakini tarakimu ndogo za Excel, hasa 6 na 8, zilibaki na ukungu, kwa kuwa runinga yenyewe ina nukta za picha (pikseli) 1366 kwa 768 tu. Hatimaye nilinunua Kariakoo monita iliyotumika ya inchi 24, yenye nukta 1920 kwa 1080, na maandishi yanasomeka bila kukodoa macho. Haina spika, kama mlivyonitahadharisha, hivyo kwa sasa natumia za masikioni.