Degedege asubuhi baada ya kukesha: dozi iongezwe?

Muuliza: Wakuu, kijana wa miaka 17 ana kifafa, anameza kabamazepini asubuhi na jioni bila kuruka. Siku za kawaida yuko salama. Akikesha kusomea mtihani, kesho yake anaanguka ndani ya saa moja baada ya kuamka. Kabla ya kuanguka mikono hurukaruka, hata kikombe kinamponyoka. Ni mawazo au usingizi? Dozi iongezwe?

Mgangamkuu: Hicho kikombe daktari amekisikia? Mikono kushtuka asubuhi huku akili timamu, kisha kuanguka, kwa umri huo, inafanana sana na kifafa cha ujana cha mishtuko ya misuli. Kabamazepini inaweza kuizidisha mishtuko hiyo badala ya kuituliza, kwa hiyo msiongeze dozi wenyewe. Wala asiiache ghafla. Hapo degedege linaweza kuja mfululizo. Rekodini mikono kwa simu, mumpelekee daktari. Anaweza kuagiza EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) baada ya kupunguza usingizi, kwani EEG ya kawaida wakati mwingine hutoka safi.

Zamu_ya_usiku: Usingizi na mawazo havitengani hapo. Mwenye hofu ya mtihani halali, na asiyelala huchelewesha dozi. Andikeni kila siku saa ya kulala, ya kuamka, ya dawa, na degedege limechukua muda gani. Alale saa 4 usiku, aamke saa 12, hata Jumamosi. Pombe aiache kabisa: inaharibu usingizi, na hatari kubwa huja inapoisha mwilini.

Mgangamkuu: Naongezea, maana watu huumizwa hapa. Kama macho hufumbwa muda wote, kichwa kikienda huku na huku, na hali ikipungua na kurudi kwa dakika nyingi, huenda si kifafa, yaani halitoki kwenye umeme wa ubongo. Hilo nalo ni ugonjwa, mtu haigizi. Dawa za kifafa hazilitibu, tiba yake ni ya kisaikolojia. Wengine wana yote mawili.

Muuliza: Asante sana. Akianguka tumfanyeje?

Zamu_ya_usiku: Angalieni saa. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimbane, msimtie kijiko mdomoni. Likikoma mlazeni ubavu. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Na kwa kuwa yake huja akishaamka, asubuhi asifunge bafu kwa komeo.