Mbwa anabweka mchana kutwa nikitoka: kola ya umeme, mbwa wa pili au kijana wa kushinda naye?

Mangi_wa_Njiro
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana mwisho wa mwezi lazima niwe nimeamua. Mbwa wangu nikitoka tu asubuhi kwenda mjini anaanza kubweka, na majirani wanasema anabweka mpaka narudi. Tuko nyumba nne ndani ya fensi moja, dada wa nyumba ya nyuma ana mtoto mchanga, mara ya kwanza aliniomba kistaarabu, sasa hivi kaenda kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kanipigia anasema nimnyamazishe au nimtoe. Kumtoa simtoi, huyu nimemlea toka hajafungua macho vizuri.

Nina njia tatu mkononi. Kuna ile kola inayopiga shoti mbwa akibweka, nimeiona mtandaoni laki na kidogo mpaka inafika Arusha. Ya pili kuongeza mbwa mwingine wawe wawili. Ya tatu kutafuta kijana ashinde pale mchana, ila mshahara na chakula vitanibana. Ipi inafanya kazi kweli? Aliyewahi kutumia atujuze.

KijengeJuu
Mkuu hapo hujasema kitu bado. Mbwa aina gani, ana umri gani, dume au jike? Anakaa ndani au nje, amefungwa au anazunguka? Unatoka saa ngapi? Na hii tabia kaanza lini, toka mdogo au juzi juzi?

Fundi_Sakina
Chukua kola umalize mchezo. Jamaa ninayefanya naye kazi kaiweka kwa Boerboel wake, wiki haikuisha mtaa ukawa kimya. Kijana wa kushinda ni hela kila mwezi, kola unalipa mara moja.

MamaNeema_Rau
Fundi naomba usimpeleke mwenzako huko. Nawasimulia yaliyotukuta huku Moshi. Mume wangu aliagiza hiyo kola kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, akaambiwa ivae kutwa, mbwa "atazoea". Siku za kwanza kweli kimya, tukafurahi. Baadaye nikaona mbwa hatoki bandani, namwita ale hatoki, chakula mpaka nimsogezee mlangoni. Kumbe ile kola ilikuwa inapiga hata mbwa wa jirani akibweka karibu na fensi, yeye hajafungua mdomo anapigwa shoti, kwa hiyo akaona uwanja wote ndo unamuumiza. Manyoya yake marefu, shingoni huoni kitu. Siku namsuguasugua pale nikasikia harufu, kupenyeza vidole kuna unyevunyevu, kufunua manyoya ni vidonda viwili kila kimoja sawasawa na pale vile vyuma vinapogusa ngozi, na kimoja kina funza tayari. Daktari wa mifugo alinyoa shingo nzima, akasafisha, sindano za antibayotiki, ile bili ilizidi bei ya kola. Vidonda vilipona lakini mpaka leo ukishika kitu chochote cha kumvalisha shingoni anajikojolea. Na kubweka akarudia palepale tulipoitoa. Mnaotaka kununua fikirieni hilo kwanza.

Fundi_Sakina
Pole mama Neema, ila hiyo ilikaa muda mrefu na labda ilikuwa ya bei rahisi. Nzuri zipo, zinatetemesha tu bila shoti.

MamaNeema_Rau
Ya kutetemesha haitoboi shingo sawa, lakini mbwa analia kwa hofu halafu unamwongezea hofu nyingine. Wales wamepiga marufuku hizo za shoti toka 2010. Na sisi hapa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo toka 2008, watu wanafikiri ni ya punda na ng'ombe tu.

Laizer_Kisongo
Mimi nashangaa kidogo. Mbwa kazi yake nini kama siyo kubweka? Huku kwetu mbwa asipobweka watu wanauliza anaumwa. Mwenye nyumba huyo siku wakiibiwa ndo atakumbuka.

KijengeJuu
Laizer, huko Kisongo boma na boma mnapishana mbali, Njiro ukuta kwa ukuta. Halafu mbwa anayebweka tangu saa moja asubuhi mpaka jioni halindi kitu, mwizi akija nani atachungulia dirishani? Watu washazoea kelele.

Laizer_Kisongo
Afadhali kelele kuliko mbwa bubu. Ila kola ya shoti na mimi sikubali, mbwa wa kazi ukimvunja moyo harudi.

Mifugo_Mstaafu
Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, ngoja niseme. Ndugu Mangi, hujui bado mbwa wako anabweka kwa nini, unachojua ni alichosimuliwa jirani. Kuna anayebweka kwa kuona watu wanapita, kuna anayebweka kwa kukosa kazi ya kufanya, na kuna mwenye hofu ya kuachwa peke yake. Huyo wa mwisho huwa anaanza ndani ya nusu saa toka uondoke, analia kwa kuvuta sauti, anatafuna mlango au kuchimba pale ulipotokea, anatoka udenda, chakula hakigusi mpaka urudi. Dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine. Acha simu ya zamani irekodi siku moja nzima, hiyo haina gharama, ndipo uzungumzie kununua.

Na mtu asikushauri dawa ya usingizi ya dukani. Asepromazini inalegeza mwili, hofu inabaki palepale, mbwa anaogopa na hawezi kukimbia. Dawa zenyewe za hofu zipo, fluoksetini kwa mfano Marekani iliidhinishwa kwa mbwa 2007, lakini inatolewa na daktari aliyemwona mbwa na inakwenda pamoja na mafunzo.

Mangi_wa_Njiro
Asanteni sana wakuu, pole mama Neema. Samahani kwa kuchelewa. Ni dume, chotara wa German Shepherd, anaelekea miaka mitatu. Kabla ya mwaka huu hakuwa na shida, mke wangu alikuwa anashinda nyumbani, Januari kahamishiwa kazi Moshi anarudi wikendi. Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu narudi kama saa kumi na mbili jioni. Mchana namfunga mnyororo pale karibu na geti maana akiwa huru anachimba maua ya nyumba ya pili na watoto wa pale wanamwogopa. Usiku yuko huru.

Binti_wa_Shantytown
Kaka yangu, hayo ulipaswa kuyaandika juu kabisa!! Mbwa kazoea mtu ndani kutwa, mtu kaondoka, halafu anafungwa mnyororo karibu masaa kumi na mbili kwenye geti ambapo kila bodaboda na kila mwanafunzi anapita mbele ya pua yake. Hata ungemletea kola tano. Mtoe hapo getini kwanza.

Mangi_wa_Njiro
Nimpeleke wapi sasa? Nyuma ndo dirisha la chumba cha yule mtoto mchanga.

Binti_wa_Shantytown
Muwekee wavu pembeni ya nyumba yako, siyo mnyororo, na upande wa geti ziba kwa mabati au matete asione nje. Asubuhi amka mapema kidogo mtembeze, hata kuzunguka mtaa mara moja aachiwe anuse anuse. Ukimrudisha mwagia dagaa kwenye majani awatafute mmoja mmoja, au gandisha uji wa dona na supu ya makongoro kwenye bakuli la chuma usiku, umpe wakati unatoka. Ataramba muda mrefu. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka inatoboa utumbo.

Mifugo_Mstaafu
Hapo umesema vizuri binti yangu. Na kama rekodi itaonyesha ni hofu, azoezwe pole pole. Shika funguo, vaa viatu, kisha kaa chini tena usiende popote, mpaka funguo zisimshtue. Halafu toka nje ya geti kidogo tu urudi kabla hajaanza kulia, ongeza taratibu. Ukirudi akiwa ameshachachamaa umerudi nyuma hatua.

Fundi_Sakina
Mzee hiyo ni miezi. Mwenye nyumba kampa mpaka mwisho wa mwezi.

Mifugo_Mstaafu
Ni kweli inachukua muda. Ndiyo maana kijana wa kushinda, hata wa nusu siku, ni wa kuziba pengo wakati mbwa anajifunza.

Mangi_wa_Njiro
Nimerekodi jana. Anaanza gari halijamaliza hata kukata kona, analia ile ya kuvuta, kama robo saa hivi. Chakula cha asubuhi kakiacha. Halafu anatulia kabisa, analala. Kuanzia wanafunzi wanapotoka shule anabweka ile ya ukali, kila anayepita. Katikati kuna kimya kirefu tu, siyo kutwa nzima kama nilivyoambiwa. Naona kama yote mawili yapo.

KijengeJuu
Hiyo rekodi mpelekee mwenye nyumba na yule dada, wasikie wenyewe. Muulize dada mtoto analala saa ngapi, unaweza kumpata kijana wa masaa hayo tu.

Chalii_Moshono
Mnachelewesha mtu, mbwa wa pili ndo jibu. Mbwa ni kiumbe wa kundi. Nina watoto wa German hapa, mama na baba wapo unawaona, njoo pm.

MamaNeema_Rau
Mwenye hofu ya kumkosa mtu wake haponi kwa kuletewa mbwa mwenzake. Mara nyingi wanabweka wawili.

Laizer_Kisongo
Chalii hao German ni wa kweli au ndo wale masikio hayasimami? Na wameshachanjwa? Mwaka jana kuna ndugu yangu aliuziwa mtoto bila karatasi yoyote.

Chalii_Moshono
Wana wiki nane, minyoo tayari, chanjo ya kwanza tayari. Ya kichaa bado.

Mifugo_Mstaafu
Ya kichaa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mnunuzi adai kadi siku hiyohiyo.

Binti_wa_Shantytown
Mangi usinunue mtoto wa mbwa mwezi huu tafadhali. Umepata matete? Njia ya kwenda Usa River wanauza.

Mangi_wa_Njiro
Wavu naanza Jumamosi, mke wangu atakuwepo. Kijana nimeongea na mmoja, anataka hela ambayo sina. Kola bado sijaifuta kichwani kwa ukweli, ila nitasubiri. Chalii hao watoto bei gani?