Cheti cha ukaguzi wa rangi za kinga: CIP, FROSIO au BGAS? Na mtihani wa vitendo unapima nini?

NondoMita
Wakuu, habari za kazi. Niko QC (udhibiti wa ubora) upande wa uchomeleaji na nataka kuongeza ukaguzi wa rangi za kinga, nikilenga matangi, mabomba na madaraja. Matangazo ya kazi yananichanganya. Moja linataka NACE Level 2, jingine FROSIO Level III, jingine BGAS Grade 2, jingine linasema AMPP tu. Vinatofautiana vipi, na mtu wa huku kwetu aanze na kipi? Asiye na uzoefu wa rangi anaweza kuruka moja kwa moja hadi Level 2? Na mtihani wa vitendo una nini ndani, maana naambiwa wengi wanakwama pale.

Mkaguzi_wa_Pwani
Mkuu, tuanze na majina. NACE na SSPC, vyama vya Marekani vya kuzuia kutu na vya rangi za kinga, ziliungana mwaka 2021, na chombo kilichozaliwa ndicho AMPP. Programu yao ya wakaguzi wa rangi, CIP, ilianza 1983 chini ya NACE, ndiyo maana spesifikesheni nyingi bado zimeandikwa "NACE Level 2". Cheti cha AMPP cha ngazi hiyo kinatimiza sharti. Mwenye mradi aking'ang'ania jina la zamani, omba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, usikubaliane kwa mdomo.

FROSIO ni ya Norway, ilianzishwa 1986, na nguvu yake iko kwenye meli na mitambo ya mafuta baharini. Inatofautiana na CIP kwenye namna ya kupanda ngazi. CIP Level 1 na Level 2 kila moja ina kozi na mtihani wake. FROSIO kozi ni moja na mtihani ni mmoja, halafu unapewa I, II au III kulingana na uzoefu ulioweza kuuthibitisha. Watu wawili wanaweza kufaulu siku moja kwa alama zilezile, mmoja akatoka na I, mwenzake na III. Barua za waajiri ndizo zinazoamua. Barua inayosema "alifanya kazi kwetu vizuri" haikusaidii. Itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, aina ya kazi (kupiga mchanga, kupaka, kukagua) na nani alikusimamia.

BGAS-CSWIP, ya TWI (taasisi ya uchomeleaji) ya Uingereza, namba zake zinakwenda kinyume: Grade 3 ndiyo ya kuanzia, Grade 2 iko juu yake. Wengi wanasoma tangazo la Grade 2 wakidhani ni ngazi ya chini kuliko Level 3 ya wengine. ICorr, taasisi ya kutu, nayo ya Uingereza, inakwenda 1, 2, 3 kwa mpangilio wa kawaida.

Kwako wewe ushauri wangu ni CIP Level 1, kwa sababu kazi nyingi za matangi na mabomba zinazofuata viwango vya Kimarekani huitaja yenyewe, na wewe wa kuchomelea tayari unajua kusoma ITP (mpango wa ukaguzi na majaribio) na kuandika ripoti ya kasoro. Ila jua kwamba Level 1 anafanya kazi chini ya usimamizi. Cheti kamili cha Level 2 kinadai uzoefu juu ya kozi na mtihani, kwa hiyo kuruka hakuna. Weka daftari la kazi kuanzia siku ya kwanza, na kila mwezi msimamizi alisaini. Kumtafuta miaka miwili baadaye, mradi umeisha na kampuni imeondoka, ni mateso. Muda wa cheti nao uangalie: CIP huhuishwa kila miaka 3, FROSIO kila miaka 5.

Na tahadhari kwa wote: kuna "mafunzo ya ukaguzi wa rangi" ya siku mbili ambayo mwisho wake ni cheti cha kuhudhuria. Si kibaya kama elimu, lakini mteja hatakitambua. Kabla ya kulipa, hakikisha mtoa kozi anatambuliwa na chombo chenyewe. Na ukiletewa mkaguzi, tafuta jina lake kwenye rejista ya mtandaoni ya chombo husika, usiridhike na nakala ya PDF.

Rangi_na_Kutu
Nijibu la vitendo. Unapewa vifaa, vibao vya chuma na maelekezo, unapima na kuandika. Wanaokwama hawakwami kwa kutojua kifaa kinaitwaje. Wanakwama kwa sababu hawajakishika mara za kutosha, au wameandika namba bila kipimo chake, au hawakuthibitisha kifaa kabla ya kukitumia. Haya ndiyo ya kufanyia mazoezi:

Hali ya hewa. Kipimajoto cha kuzungusha (chenye balbu kavu na balbu yenye kitambaa kilicholoweshwa) kitambaa chake hulowekwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled), kinazungushwa sekunde 20 hadi 30, unasoma balbu ya maji kwanza, unarudia mpaka namba itulie. Unachukua majedwali, unapata unyevu na nyuzijoto ya umande. Kisha unapima joto la chuma chenyewe. Sharti la kawaida ni chuma kiwe juu ya umande kwa angalau 3°C na unyevu usizidi asilimia 85. Mfano wa pwani: hewa 28°C, unyevu asilimia 80, umande unaanza 24.2°C, kwa hiyo chuma chini ya 27.2°C hakipakwi. Pima sehemu yenye baridi kuliko zote, yaani kivulini, chini ya tangi, karibu na nguzo nene. Anayepima upande wa jua anapata namba nzuri na rangi inayobanduka.

Hewa ya kompresa. Kabla ya kupiga mchanga, shika karatasi nyeupe ya kunyonya ndani ya sentimita 60 kutoka mdomo wa bomba, bila mchanga, kwa dakika moja au zaidi. Doa la mafuta au maji maana yake kazi inasimama mpaka vichujio vishughulikiwe.

Usafi wa chuma. ISO 8501-1: jua kutofautisha Sa 2, Sa 2½ na Sa 3 (ngazi za usafi wa chuma kilichopigwa mchanga) kwa picha, na usisahau kutambua kwanza hali ya kutu ya awali, A hadi D. Picha ya Sa 2½ ya chuma cha daraja D haifanani na ya daraja B, na ukilinganisha na picha isiyo yake utakataa kazi nzuri au kupitisha mbovu.

Profaili, yaani kina cha makwaruzo. Utepe wa replika una daraja: Coarse kwa maikroni 20 hadi 64, X-Coarse kwa 38 hadi 115. Unaubandika, unausugua kwa kijiti chenye ncha ya mviringo mpaka duara lote liwe na chembechembe za rangi moja bila sehemu nyepesi, unapima kwa mikromita, unatoa maikroni 50 za plastiki. Mikromita ikisoma 118, profaili ni 68. Sasa tazama: 68 iko nje ya utepe wa Coarse. Ukiwa umetumia Coarse, jibu hilo halikubaliki, rudia kwa X-Coarse. Hapa ndipo watu wanaacha alama mezani.

Rangi mbichi. Hesabu lazima iwe kichwani: unene mbichi ni unene mkavu mara (1 + thina) gawanya kwa asilimia ya yabisi (sehemu ya rangi inayobaki ikishakauka). Ukitaka maikroni 125 mkavu, yabisi asilimia 80, bila thina unahitaji 156. Ukiweka thina asilimia 10, unahitaji 172. Fundi akiongeza thina bila kukuambia, kitana cha kupimia rangi mbichi kitaonyesha 156 na unene mkavu utakuja 114.

Unene mkavu. Thibitisha geji kwa foili (vipande vyembamba vya unene unaojulikana) zenye unene unaozunguka ule unaoutarajia, kisha pima chuma kilichopigwa mchanga kabla hakijapakwa, sehemu 10 au zaidi, utoe wastani huo kwenye vipimo vyako. Geji iliyowekwa sifuri kwenye bamba laini inahesabu sehemu ya makwaruzo kama rangi.

NondoMita
Nashukuru sana, nimeshaanza kuandika kwenye daftari. Nimeona viwango vya SSPC-PA 2 na ISO 19840 vyote vinahusu unene mkavu. Kuna tofauti ya kweli au ni kitu kimoja?

Rangi_na_Kutu
Tofauti ni ya kweli na inaweza kubadilisha hukumu ya tangi zima.

PA 2: kila eneo la takribani mita za mraba 10 unachagua sehemu 5, kila sehemu unasoma mara 3 na kuchukua wastani. Kwa kawaida, pasipo sharti jingine kwenye spesifikesheni, wastani wa sehemu usiwe chini ya asilimia 80 ya kima cha chini wala juu ya asilimia 120 ya kima cha juu, na wastani wa eneo ukae ndani ya mipaka. Ukiambiwa maikroni 200 hadi 300, sehemu moja inaruhusiwa kuanzia 160 hadi 360. Somo moja moja halina mpaka.

ISO 19840: mpaka uko kwenye somo moja moja. Unene uliotajwa (nominal) ukiwa 200, hakuna somo chini ya 160, masomo kati ya 160 na 200 yasizidi asilimia 20 ya yote, na wastani usiwe chini ya 200. Juu, kikomo cha kawaida ni mara tatu ya huo uliotajwa.

Sasa chukua masomo matatu ya sehemu moja: 150, 168, 180. Wastani 166. Kwa PA 2 sehemu hiyo imepita. Kwa ISO ile 150 peke yake imeangusha. Kwa hiyo ulizia kiwango kabla hujatoa geji mfukoni, na ukiandike juu ya fomu.

Nyongeza kwa kazi za bara: silikati ya zinki (rangi ya koti la kwanza yenye zinki) inakauka kwa kula unyevu wa hewa. Bidhaa nyingi zinataka unyevu wa asilimia 50 au zaidi. Dodoma mchana wa kiangazi rangi itaonekana kavu kwa mkono na bado haijakomaa. Ipime kwa kitambaa chenye MEK (kiyeyusho), misuguo 50 ya kwenda na kurudi (ASTM D4752), kabla ya kuruhusu koti la juu. Ukipaka juu ya zinki isiyokomaa, inapasuka katikati ya zinki yenyewe, na dawa ni kupiga mchanga upya.

BahariaMvita
Ndugu yangu, ukija upande wa meli kuna jambo la kuzingatia. Matangi ya maji ya uzani (ballast) ya meli mpya yako chini ya azimio la IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) MSC.215(82) la 2006, na azimio hilo linataja mkaguzi moja kwa moja: NACE Level 2, FROSIO Level III au sawa nazo. Level 1 hapo hasaini. Unene ni maikroni 320 kwa kanuni ya 90/10: asilimia 90 ya vipimo viwe 320 au zaidi, zilizobaki zisishuke chini ya 288. Chumvi isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba, ikihesabiwa kama kloridi ya sodiamu.

Kipimo cha chumvi cha Bresle kinaharibiwa na haraka. Weka mililita 15 za maji safi kwenye kikombe, pima upitishaji wake wa umeme kwanza (kwa µS/cm), uandike. Vuta kama mililita 3 kwa sindano, ingiza kwenye kiraka, toa hewa, vuta na kusukuma mara kadhaa, rudisha kikombeni, pima tena. Toa namba ya kwanza, zidisha kwa 6 (kwa maji mililita 15 na kiraka cha sentimita 12.5 za mraba) upate chumvi mchanganyiko kwa miligramu kwa mita ya mraba. Maji yakianza na 1.8 na kuishia 9.1, tofauti ni 7.3, chumvi ni 43.8. Ukisahau kutoa ile 1.8 utapata 54.6 na kukataa chuma kisicho na tatizo. Kidole chenye jasho juu ya kiraka kinatosha kuharibu kipimo, vaa glavu mpya.

Kwa wanaolenga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani: CIP inahusu hasa rangi za majimaji. Povu la poliyurethani, ganda la poliethilini na viungo vya uwandani vina taratibu zao, na mkandarasi huwa na majaribio ya kumpitisha mtu kwa kila utaratibu. Waulize mapema wanataka majaribio yapi juu ya cheti ulichonacho.