Menyu, leso, stika za tuktuk: nichague kazi ya aina moja au niendelee hivi?

mchoraji_majengo

Assalaam aleikum jamani. Swali langu ni fupi ila maelezo yake marefu, nistahimilieni.

Mimi ni dizaina wa kujitegemea, huu mwaka wa saba. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula hapa nyumbani Majengo, Mombasa: kompyuta moja, feni moja, na mama anayeitaka meza yake ikifika saa saba mchana. Wiki jana nilipeleka faili la kazi zangu mahali fulani hapa mjini walipokuwa wakitafuta mtu wa mkataba. Bwana mwenyewe akafungua kurasa sita, akafunga. Akaniambia, "Kazi safi, lakini sikuoni wewe humu. Kila kitu kivyake."

Na ni kweli kila kitu kivyake. Tangu Ramadhani nimefanya menyu ya mkahawa wa viazi karai na mahamri, lebo ya achari ya embe, stika za tuktuk tatu, na kadi ya harusi yenye Kiswahili upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Hiyo kadi nusura initie aibu. Programu niliyokuwa nikitumia ilizitenganisha herufi za Kiarabu moja moja na kuzipanga kinyume, Bismillahi ikaanzia mkiani. Bahati nilimwonyesha maalim wa madrasa kabla ya kuchapisha. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Lakini kazi iliyonifunza zaidi ni leso (kanga) ya sare, niliyopewa na kinamama wa mtaani kwa ajili ya harusi. Nilidhani mteremko: pindo, mji (ile sehemu ya kati), jina (yale maneno yanayoandikwa), basi. Nikaujaza mji mawaridi, pindo nikaifanya nyembamba ndiyo ionekane ya kisasa, na jina nikaliandika kwa mwandiko wa madoido. Nikampelekea shangazi karatasi. Hakuitazama hata dakika. Akaiweka kiunoni, akageuka, akaniuliza, "Haya, nisome." Sikuweza. Mtu wa kusoma jina la leso ni yule anayekuja nyuma yako, nawe unatembea, na nguo inakunjika kila hatua. Akaongeza, "Na haya mawaridi yako makubwa yamenikalia matakoni."

Nikarudi nyumbani, nikachapisha leso nzima kwa ukubwa wake, sentimita 150 kwa 110, karatasi 32 za A4 zilizogandishwa kwa selotepu. Mama akajifunga, akazunguka sebuleni huku karatasi zikilia kwaru kwaru. Herufi nikazirudisha kubwa, nene, zilizosimama wima, zile zile za leso za bibi zetu. Pindo nikainenepesha. Mawaridi yakapungua.

Tangu hapo kila kazi naiuliza: anayesoma yuko wapi, na mikono yake inafanya nini? Stika ya tuktuk, kwa mfano. Abiria kakaa nyuma, usiku, anatafuta namba ya tili alipe kwa simu ateremke. Dereva yeye alitaka tai aliyekunjua mbawa. Tulibishana karibu tukosane. Mwisho tai akaenda nyuma ya gari kwa wanaokufuata, na ndani ikabaki namba peke yake, nyeusi juu ya manjano.

Sasa swali: nitupe nusu ya hizi kazi nibaki na aina moja ili nionekane "nina mtindo"? Na la pili, dogo: bango nililochora Mtwapa, jekundu la kupendeza, baada ya miezi minane limekuwa buluu mpauko. Mteja anataka nimlipe. Ni kosa langu?

fundi_wa_mashine

Nianze na hilo la pili maana ndilo linaloniudhi kila siku. Mashine inachapa kwa wino nne: samawati, majenta (ile waridi iliyokoza), manjano na nyeusi. Nyekundu yako ni majenta na manjano zimelaliana, na hizo mbili mara nyingi ndizo jua hula kwanza. Samawati hubaki. Angalia picha za vichwa kwenye vinyozi vya zamani, wote wamegeuka watu wa buluu.

Kosa ni la nani? Kama hukumuuliza mchapaji wino gani, wa ndani au wa nje, na kama bango litafunikwa kwa lamineti, ile plastiki nyembamba ya kukinga jua, basi sehemu ni yako. Sehemu ni ya mteja aliyechagua bei ya chini. Siku nyingine andika kwenye karatasi ya bei litakaa juani muda gani, aweke sahihi.

Na maadamu niko hapa: nyie madizaina acheni kutuletea maandishi meupe madogo madogo juu ya weusi uliochanganywa rangi zote nne. Rangi moja ikihama unywele tu, herufi zinazibika. Halafu lawama kwa fundi. Pia ile kijani inayowaka kwenye kioo cha simu, kwenye wino haipo. Haipo!

bi_wa_leso

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimeuza leso Biashara Street tangu hujazaliwa, huo udizaina wenu siujui, lakini shangazi yako naona ana akili.

Huyo aliyesema hakuoni, mwambie aje dukani atazame wanunuzi. Mwanamke wa hapa akishika leso, kabla ya ua wala rangi, wengi huvuta ukingo kwanza watafute zile herufi K.H.E., Mali ya Abdulla, alama ya duka la leso la hapa hapa. Duka lile liko tangu 1887. Maua yamebadilika mara ngapi, leo korosho, kesho nanasi, kesho kutwa mambo ya siasa, na bado mtu ataijua leso yao ni ipi. Sasa nawe unataka kuchora ua moja maisha yako yote ili ujulikane?

Ila pindo nyembamba, hapana. Hapo ulitukosea.

wakili_wa_mezani (si wakili, ni jina tu)

Mimi niko kazi hii hii, upande wa Nyali. Usitupe kitu. Shida naona ni namna ulivyoyaonyesha: uliweka picha safi za kwenye kompyuta, sivyo? Weka ile picha ya mama kajifunga karatasi 32. Weka stika ikiwa ndani ya tuktuk, usiku, kwa pembe ya abiria. Ukurasa wa kwanza leso mbovu, wa pili ile nzuri. Hapo atakuona.

Jingine ambalo hukuuliza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja hakimiliki yake huhesabika imekwenda kwake, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Wengi tunadhani kinyume. Kwa hiyo kwenye makubaliano weka mstari mmoja kwamba una ruhusa ya kuionyesha kazi, na mstari mwingine kuhusu michoro iliyokataliwa, ibaki yako. Na arbuni nusu kabla hujagusa kipanya. Mimi harusi moja ilivunjika kadi zikiwa tayari 300, mpaka leo ziko juu ya kabati.

mchoraji_majengo

Shukrani wote. Fundi, nimekubali, wino sikuuliza. Nimezungumza na mteja: yeye atalipia uchapishaji, mimi sitamtoza mchoro mpya, na mandhari tunaihamishia kwenye samawati iliyokoza; wekundu utabaki kwenye neno moja tu, ambalo hata likipauka bango litasomeka. Lamineti kaikubali baada ya kumpeleka kwa kinyozi jirani aone picha.

Bi, pindo imeshanenepa, wallahi. Kinamama wameshaikata na kuipinda, Jumamosi naenda kuisoma kwa nyuma.

Faili naanza kulipanga upya leo, picha ya mama ukurasa wa kwanza, nikipata idhini yake. Kwa sasa kasimama hapa na sahani mkononi, anataka meza.