Kasisi au paladini dhidi ya mapepo ya hadithi za kutisha: nani atafaa?

Mlinzi wa Lango

Wakuu, habari zenu. Jumamosi tunaanza kampeni mpya ya D&D (Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu na kanuni) na natakiwa nimpelekee mwendesha mchezo karatasi ya mhusika wangu kabla ya hapo. Ametuambia maadui wakubwa watakuwa mapepo, ila si yale ya kupiga mabawa na kurusha moto. Anataka ya hadithi za kutisha: yanamwingia mtu, yanaongea kwa sauti ya marehemu mama yako, yanazijua dhambi zako moja moja.

Nimebakiwa na wahusika watatu: kasisi wa Nyanja ya Uhai, kasisi wa Nyanja ya Nuru, au paladini (shujaa mtakatifu wa upanga) wa Kiapo cha Ibada. Nataka mtu wa kusimama mbele ya pepo wa namna hiyo na kumtoa kweli. Nimchukue nani?

Dadu Ishirini

Maswali kwanza, mkuu. Mnatumia toleo gani? Mnaanza ngazi ya ngapi? Wenzako wamechagua nini? Bila hayo tunabahatisha tu.

Toleo hasa. Kwa kanuni za 2014, paladini wa Kiapo cha Ibada anatimua mapepo na wafu hai tangu ngazi ya 3. Kwa kanuni za 2024 kiapo hicho kimenyang'anywa uwezo huo. Paladini wote wamepewa badala yake uwezo wa kumtia hofu adui wa aina yoyote, na wanaufikia ngazi ya 9. Hao ni wahusika wawili tofauti kabisa.

Bi Mshumaa

Nuru. Sioni cha kujadili hapo. Kuanzia ngazi ya 2 unainua ishara yako takatifu, giza la kichawi linafutika futi 30 kukuzunguka, na kila adui aliyemo anaungua. Mapepo mengi ya D&D yanastahimili moto, baridi na umeme, lakini nuru takatifu inayapata sawasawa. Na hadithi ya kutisha inaishi gizani. Ukiliondoa giza, umeikata miguu.

Witiri

Dada Mshumaa, nuru hiyo inamuunguza nani? Tuseme pepo yuko ndani ya mtoto wa miaka tisa. Pointi za uhai zinazopungua ni za mtoto.

Naomba nieleze kwa kirefu, maana jambo hili limenikaa rohoni hadi leo. Nilicheza kasisi wa Uhai kwenye kampeni inayofanana na hii. Tulikuwa ngazi ya 5, na pepo akamwingia dada wa mhusika wangu. Kila mtu mezani akanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye kasisi. Nikataka kutumia uwezo wa kutimua, mwendesha mchezo akanionyesha kanuni: kasisi anatimua wafu hai tu. Pepo si mfu.

Nikageukia dua ya kinga ya daraja la 1 (daraja ni la dua, ngazi ni ya mhusika), ile inayomlinda mtu dhidi ya mapepo, majini na wafu hai. Isomeni polepole. Ukiwa umeshaiweka, pepo hamwingii mtu. Lakini kama ameshaingia, dua hiyo haimtoi. Inampa tu yule mtu nafuu pale anaporushiwa tena dadu la kujikinga, yaani la kuamua kama athari inamshika, na pepo yule hakuwa na kipengele chochote kinachoruhusu kurusha tena. Inadumu hadi dakika 10, mradi usipoteze umakini. Nikaisoma, ikaisha, nikaisoma tena, nafasi zangu za dua, yaani idadi ya dua ninazoweza kusoma kwa siku, zikawa zinakatika huku pepo akinisimulia utoto wetu kwa sauti ya dada yangu. Mwendesha mchezo aliigiza vizuri sana, hilo sitamnyima. Mwisho nafasi zikaisha, na mchezaji mwenzetu akamchoma yule dada kwa upanga, kwa sababu upanga ndicho chombo pekee tulichobaki nacho.

Wengine wakaona ni mwisho mzito wa kusisimua. Mimi nilihisi nimeahidiwa kasisi nikapewa mtazamaji. Kampeni haikuendelea baada ya hapo.

Kwa hiyo usiulize nani anapiga zaidi. Uliza ni lini hasa kila mmoja anapata dua ya kutoa. Dua ya daraja la 5 inayovunja upagawaji kwa mguso mmoja, kasisi anaipata ngazi ya 9. Paladini anaisubiri hadi ya 17.

Mlinzi wa Lango

Asanteni. Kanuni ni za 2014, tunaanza ngazi ya 3. Tupo wanne: mwizi, mchawi, mpiga mishale na mimi. Hakuna mwingine wa kutibu.

Dadu Ishirini

Basi mimi namtetea paladini, japo najua wengi watapinga. Ngazi ya 6 anaongeza pointi za Haiba yake kwenye kila dadu la kujikinga, lake na la wenzake walio ndani ya futi 10. Ngazi ya 7 ya kiapo hicho, hakuna atakayerogwa akili mkiwa karibu naye. Ngazi ya 10 hofu inakwisha. Kinga unazoziona kwa kasisi zinaliwa na nafasi za dua. Za paladini zipo muda wote akiwa na fahamu, na pepo wa hadithi za kutisha anakumaliza kwa kukuchosha, si kwa pigo moja.

Isitoshe anamnusa pepo ndani ya futi 60 bila kutumia dua yoyote.

Kinubi

Hapo kwenye kunusa nina pingamizi. Kanuni ya paladini inasema kiumbe asiwe nyuma ya kizuizi kinachomfunika kabisa. Pepo aliye ndani ya mwili wa mtu amefunikwa kabisa au la? Waendesha mchezo wawili watakupa majibu mawili. Dua ya kasisi ya daraja la 1 ya kutambua haina utata huo: inafika futi 30, na imetajwa wazi inazuiwa na nini, yaani futi 1 ya jiwe, inchi 1 ya metali ya kawaida, bati jembamba la risasi, au futi 3 za mbao au udongo. Nyama ya mtu haimo.

Dadu Ishirini

Mwili si ukuta, ndugu yangu. Kizuizi ni kitu kilicho kati yako na yeye. Pepo na mwili aliouvaa wapo mahali pamoja.

Kinubi

Ukisema wapo mahali pamoja, basi upanga wa paladini nao unampiga pepo, na mtoto wa Witiri anapona. Huwezi kuchukua tafsiri moja kwa kunusa na nyingine kwa upanga.

Toleo la Kwanza

Mnagombana kwa sababu mmesahau kasisi alitoka wapi. Kwenye kampeni ya Blackmoor ya Dave Arneson, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, kulikuwa na mchezaji aliyegeuka vampaya, Sir Fang, wenzake wakashindwa kummudu. Kasisi akatungwa ili amkabili, kwa mfano wa wawinda vampaya wa sinema. Mchezo ulipochapishwa mwaka 1974, kasisi wa ngazi ya 1 hakuwa na dua hata moja. Alichokuwa nacho ni kutimua wafu hai. Adui wake wa asili ni mfu anayetembea.

Mapepo yaliingia baadaye. Jedwali la kutimua la kanuni za 1979 lina mstari wa mwisho ambapo kasisi mkubwa anaweza kuwatimua mashetani wa daraja la chini. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1989, majina ya mapepo na mashetani yaliondolewa kwa sababu ya malalamiko ya wazazi na watu wa dini. Viumbe wenyewe wakarudi mwaka 1991 wakiitwa tanar'ri na baatezu, na majina ya zamani yakarejea na toleo la tatu mwaka 2000. Mkitaka kasisi wa kutimua pepo, chukueni kanuni za 1979.

Bi Mshumaa

Mzee wangu, historia ni nzuri na nimejifunza, lakini meza yao imeshachagua kanuni za 2014.

Kinubi

Mimi naona tatizo liko kwa aina ya pepo kabla hata ya kufika kwa kasisi. Pepo wa D&D ana pointi za uhai. Ukimuua nje ya Kuzimu anaumbika upya huko kwao, hadithi inaendelea. Pepo wa hadithi za kutisha hashindwi kwa nguvu, anashindwa kwa mamlaka. Kumbukeni wale wana saba wa Skewa katika Biblia: walitumia jina sahihi, pepo akawauliza ninyi ni nani, kisha akawapiga hadi wakakimbia uchi. Walikuwa na maneno, hawakuwa na mamlaka. Hata katika Kanisa Katoliki padri hajiamulii mwenyewe kupunga pepo, lazima awe na ruhusa ya askofu wake. Kama mwendesha mchezo wenu anaijua mantiki hiyo, kiapo cha paladini kina uzito kuliko orodha ya dua, kwa sababu kiapo kinaweza kuvunjwa. Pepo atakushambulia hapo, na hapo ndipo penye mchezo mtamu.

Witiri

Na asipoijua mantiki hiyo utabaki na kanuni zilizoandikwa tu. Nilibaki nazo.

Mlinzi wa Lango

Nimeongea na mwendesha mchezo sasa hivi. Anasema kampeni itaishia ngazi ya 6.

Dadu Ishirini

Mkuu! Hilo ndilo lilipaswa kuja mwanzo. Kuvunja upagawaji, ngazi ya 9, hamfiki. Kufukuza kiumbe kurudi kwao, ngazi ya 7, hamfiki. Kuzindika nyumba pepo asiingie, ngazi ya 9, na kunachukua saa 24 kukamilika, hamfiki. Paladini wangu naye anapata hiyo Haiba ya ngazi ya 6 mwishoni kabisa.

Witiri

Kinachobaki kwa kasisi ni daraja la 3, yaani ngazi ya 5. Kuna duara la kinga la futi 10 linalodumu saa nzima. Unaweza kuligeuza: badala ya kumzuia pepo nje, unamfungia ndani asitoke. Kuna pia dua ya kuondoa laana. Mwulize mwendesha mchezo, kabla ya Jumamosi, kama upagawaji kwake ni laana. Akisema ndiyo, una jibu. Akisema hapana, paladini anaingia kwenye hesabu, kwa sababu kutimua kwake kunafanya kazi tangu siku ya kwanza.

Kinubi

Kunafanya kazi vipi lakini? Pepo aliyetimuliwa anakimbia kwa dakika moja. Hakuna panapoandikwa kwamba anauacha mwili. Atakimbia na mtoto.

Bi Mshumaa

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyeitaja. Ngazi ya 5 kasisi ana dua ya kumfufua aliyekufa ndani ya dakika moja, kwa almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Mwili ukifa, pepo hana pa kukaa. Unamuua aliyepagawa, pepo anatoka, unamfufua.

Witiri

Dada, unamshauri kasisi amuue mtoto kwa makusudi?

Bi Mshumaa

Namshauri amrudishe akiwa hai na akiwa huru. Wenzako walimchoma dada yako bila almasi mkononi. Lipi jema zaidi?

Toleo la Kwanza

Mungu gani angempa kasisi wake dua kesho yake asubuhi baada ya tendo hilo? Kanuni za zamani zingemnyang'anya.

Kinubi

Inategemea ni mungu gani. Mlinzi wa Lango, mhusika wako anamwabudu nani? Na huyo mungu ana ukoo gani na hayo mapepo? Hukusema.