Mrejesho: Kigeuzi kati ya mtambo wa upepo na betri za volti 24

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini mtambo wangu mdogo wa upepo, usiounganishwa na gridi, ulikuwa unazunguka bila kuchaji betri upepo ukiwa hafifu, na haukutoa umeme wa kutosha ulipovuma kwa nguvu.

Maelezo yaliyonifaa zaidi ni kwamba jenereta ya sumaku za kudumu hutoa umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo mara kwa mara) wa fezi tatu, ambao volti zake hufuata kasi ya mzunguko. Daiodi 6 (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zikiugeuza kuwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, na kuupeleka moja kwa moja kwenye betri, betri ndiyo inayoamua volti, na mapanga ya mtambo hushikiliwa karibu na kasi ile ile hata upepo ukiongezeka maradufu, ilhali nguvu iliyomo katika upepo huo imekwisha kuwa mara 8.

Sasa nimeweka, baada ya daiodi, kigeuzi kinachopandisha volti upepo ukiwa mdogo, kuzishusha ukizidi, na kurekebisha mzigo, yaani kiasi cha umeme kinachovutwa kutoka kwenye jenereta, kulingana na kasi ya mapanga. Sindano ya ammita (kipimo cha mkondo wa umeme), ambayo zamani ililala kwenye sifuri kwa upepo mwanana, sasa huinuka.

Hita ya kumwagia umeme wa ziada nimeiacha mahali pake, na namsihi kila mmoja asiiondoe, kwa sababu betri zikijaa, mtambo wa upepo, tofauti na paneli ya sola, ukiachwa bila mzigo huenda kasi ya kuweza kuvunja mapanga.