Tupeane uzoefu: mnaoshona mavazi ya zamani ya pwani, mnachagua nini?

Kastabini:
Assalaam aleikum wapendwa. Nafungua uzi huu kwa ajili yetu tunaoshona mavazi ya kale kwa mapenzi, si kwa oda. Tuambieni enzi mnayoipenda, kitambaa, mshono, na lile jambo ambalo hata mkilipwa hamlibadilishi.

Naanza mimi. Niko Unguja, na zangu ni nguo za kike za karne ya 19: kanzu ya magotini na suruali ya marinda vifundoni. Kilichonivuta ni picha ya Bibi Salme, yule binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844 na kuondoka hapa 1866. Picha alipigwa akiwa tayari Ujerumani, lakini nguo ni za kwetu. Suruali yangu ya kwanza nilitia mpira vifundoni nimalize upesi. Ikavimba, marinda hayana mpangilio, nikafumua yote. Sasa napitisha nyuzi mbili sambamba kwa mkono, navuta taratibu, na kila rinda nalilaza kwa ukucha kabla ya kulishikiza. Mguu mmoja unakula jioni tatu. Cherehani naitumia kwenye mishono ya ndani tu. Kitambaa ni hariri nyepesi nikiipata, nikikosa ni pamba. Poliesta inateleza, sitaki hata kuigusa.

Wa_Bagamoyo:
Asante dada kwa mada. Mimi nashonea maigizo ya shule, na chaguo langu ni merikani, kile kitambaa cha pamba. Jina lake linatokana na Marekani kwenyewe: kililetwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na huko bara kilipokelewa kama fedha. Nakipenda kikiwa hakijapaushwa, na ule umanjano wake na vijipunje vya pamba. Vazi la mpagazi silishoni kabisa. Nachana kipande, namfunga kiunoni, basi.

Ninachokikataa ni kanga yenye maneno kwenye igizo la 1870. Mwaka fulani nilikuwa nyuma ya pazia nikaona waigizaji wanatoka na kanga za methali zilizoandikwa vilevile tunavyoandika leo. Maneno kwenye kanga yalikuja karne ya 20, na ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Niliumia, maana watazamaji walikuwa watoto na wataamini walichokiona. Siku hizi naunga leso sita za mraba, tatu juu tatu chini, kama inavyosimuliwa kwamba wanawake walifanya kabla ya kanga za kiwandani.

Binti_wa_Muskati:
Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa huku Oman. Kanzu ndiyo kila kitu kwangu. Nilirithi kanzu ya marehemu babu, imeliwa na nondo begani, nikaomba ruhusa kwa mama nifumue ubavu mmoja nijifunze. Wapendwa, mle ndani kuna hesabu! Badani mbili, ya mbele na ya nyuma, zimekatwa zikiwa zimenyooka bila kuchongwa popote. Upana wa chini unatoka kwenye taharizi, vile vipande vya ubavuni, na chini ya mkono kuna kikwapa, kipande kidogo cha mraba kilichogeuzwa pembe. Kikwapa hicho ndicho kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda. Karibu hakuna kitambaa kilichotupwa. Patroni nyingi za sasa zinachonga kwapa kwa mviringo, kisha mvaaji analalamika inambana akisujudu.

Tangu siku ile sikati kanzu bila vikwapa, na sijafu, yaani pindo, nazikunga kwa mkono. Shingoni natia darizi ya hariri nyekundu, uzi mmoja mmoja. Mafundi wa huku wanatia kishada pembeni mwa kola, kinatiwa manukato. Ni kizuri, lakini kanzu ya babu haikuwa nacho, basi nami ninapoishona ile yake sikitii.

Mwana_Amu:
Kofia ya viua. Nyeupe juu ya nyeupe, basi. Kila kitundu natoboa kwa msumari mwembamba na kukizungushia uzi. Ya kwanza ilinichukua miezi minne, nikaifua, nikaitia wanga, nikaivalisha bakuli ikauke. Haikunienea. Sikuwa nimekiloweka kitambaa kabla ya kupima, kikaruka. Nimempa mpwangu, anaivaa kila Ijumaa. Sasa kitambaa hulala majini siku nzima kwanza.

Kastabini:
Mwana_Amu, miezi minne! Allah akupe nguvu. Binti, kesho naichana mikono ya kanzu yangu nitie vikwapa, sikuwahi kujua kwa nini ilikuwa inapanda. Wa_Bagamoyo, ukihitaji mtu wa kuunga leso, niite.

Nina swali limenishinda. Barakoa, ile ya kike ya zamani ya kufunika uso. Nimedarizi kwa zari vizuri, lakini nikiivaa inalala puani, haisimami kama zile za picha za kale. Nani ameshona?

Binti_wa_Muskati:
Umetia kijiti? Za huku zina kijiti chembamba katikati, kinashuka na pua, kimeshonewa baina ya tabaka mbili za kitambaa. Fumua hapo kati tu, usiguse zari. Kikate kwa kipimo cha uso wa atakayevaa, na ncha zake zisugue kwa msasa zisije zikatoboa.